Baraza Yenye Upana wa Jeneza

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Idi, kaa hapo ukingoni mwa kitanda nikuone uso. Na wewe Kadidja, weka chini hicho kikombe, uji nitakunywa nikimaliza kusema, na nisipounywa mpe huyo mjukuu wangu anayeuchungulia tangu asubuhi akidhani simwoni. Dirisha liacheni wazi. Nataka hewa ya ziwa, tena nataka kusikia barabara yangu, ingawa najua mnanificha jambo huko nje. Miguu imenikataa, lakini masikio bado ni yangu.

Mungu ndiye wa kwanza na ndiye wa mwisho, kwake nimetoka na kwake narudi, na moyo wangu umetulia, msinililie kabla ya wakati. Mambo ya mali sitayarefusha. Duka, nyumba hii iliyoshikana nalo na shamba la michikichi la Gatete, vyote vitagawanywa na shehe kwa sheria yetu, mwanamume fungu lake na mwanamke fungu lake, na mimi siongezi wala sipunguzi, maana nimeona ndugu wa tumbo moja wakitoana macho kwa sababu ya kauli ya mgonjwa. Cherehani nilimpa Kadidja nikiwa mzima, mama yenu akiwa shahidi, Mungu amrehemu, kwa hiyo haimo katika mirathi. Na ufunguo huu ulio chini ya mto wangu haumo pia, usihesabiwe kabisa, kwa sababu si wangu. Ni amana. Nitaufikia baadaye.

Jambo langu mimi ni ukuta.

Usiinamishe kichwa, Idi baba, sikukuita nikugombeze. Unadhani sijui? Fundi wako anapiga mluzi akijenga, na mwiko wake unakwangua tofali hapa hapa nyuma ya kichwa changu. Nilipomuuliza dada yako akanijibu eti ni fundi wa jirani yetu Shafii anatengeneza ngazi. Kadidja, binti yangu, uongo wako ni wa huruma na Mungu atakusamehe, lakini ungetafuta jina jingine. Shafii tangu nimjue hajawahi kutengeneza kitu kabla hakijamwangukia.

Basi najua kwamba umejenga ukuta kukata baraza yetu, upande wa duka la Lukeba, na kwamba umefika kifuani mwa mtu. Najua unataka kujenga na upande wa pili, kisha uzibe mbele, utie mlango wa chuma, ili ile baraza iwe chumba cha duka. Mimi sikukataza kwa sababu hukuniuliza, na hukuniuliza kwa sababu ulijua jibu. Haya, leo nakupa jibu hata kama hukuuliza, na unisikilize mpaka mwisho, kisha ukifanya utakavyo utakuwa umefanya ukijua.

Ninyi hamkuiona avenyi hii, barabara yetu ya maduka, kabla ya uhuru kwa macho ya mtu mzima. Kadidja alikuwa mgongoni kwa mama yake, na wewe Idi ulikuwa mtoto wa kukimbiza magurudumu, hukujali duka ni la nani. Ilikuwa ni aibu tupu. Kila mtu na kibanda chake, huyu kaezeka nyasi, yule kaezeka madebe yaliyokunjuliwa, mwingine sakafu yake iko juu kama jukwaa na ya jirani yake iko chini kama kisima. Mvua ikianguka, maji yote ya mlimani yalipita katikati ya barabara yakielekea ziwani, na wanawake wa Minago waliokuja na mawese yao kichwani walisimama chini ya miti mbali na sisi, na mvua ikikatika wanarudi kwao. Hawakununua chumvi, hawakununua kitambaa. Tulikuwa tunakaa milangoni kuwatazama migongo wanavyokwenda zao.

Mwaka ule wa uhuru ulipokaribia, watu wote wa mjini walipandwa na kiherehere. Mmoja anataka kupaka chokaa, mwingine anataka bendera kila mlango. Tukakutana sisi wa maduka, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wale waliotoka ng'ambo ya ziwa, nyuma ya msikiti. Ndipo aliposimama Lukeba. Mnamkumbuka Lukeba, jirani yetu, Mbembe wa Fizi, mnunuzi wa mawese, jitu zima lenye sauti ya kuita mitumbwi. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kongo, ambacho marehemu babu yangu, mtu wa Ujiji, angekisikia angefunga masikio: "Banduguze, bendera haitamukausha mutu. Ile mvua inanyeshea batu yangu ya mawese, njo maana banakimbia. Tuunge mabaraza yetu yote, ikuwe moja tu, mutu apite mukavu toka ku musikiti mupaka ku maji."

Watu walicheka, kisha wakakubali, na hapo hapo wakaanza kugombana. Ugomvi ulikuwa wa upana. Kila mmoja alitaka baraza ya jirani iwe pana na yake iwe nyembamba, ili duka lake lisipungue. Wengine wakasema itoshe mtu mmoja kupita, wengine wakasema wawili. Shafii, ambaye anauza misumari na majembe, na ambaye roho yake nayo ni ya misumari, alikuwa amekwisha simamisha nguzo zake karibu kabisa na ukuta na akaapa haziondoki. Tulikaa tukipayuka hadi karibu na alasiri.

Hadji Nasoro, mzee wetu wa msikiti, alikuwa amekaa muda wote akisugua meno kwa msuwaki. Mwisho akainuka akasema, "Mnagombania upana na kipimo ninacho." Akaingia stoo ya msikiti, akatoka na vijana wameshika jeneza. Wallahi wanangu, jeneza lenyewe, lile lile la kubebea maiti! Akasema, "Hiki ndicho kitu kipana kuliko vyote ambacho kila mmoja wetu atakihitaji. Lipitisheni mbele ya maduka, toka juu hadi chini, wabebaji wawe kila upande, na mama mwenye debe kichwani awe amesimama ukutani bila kuguswa. Litakapokwama, hapo mtu arudishe nguzo yake."

Nikawa mbebaji mmoja mimi, na mwingine, nani kama si Lukeba, Mkristo, akishika mti wa jeneza letu na kuchungulia ndani. "Hii sanduku yenu," akasema, "haina hata mufuniko. Mutu akifufuka atatoka mara moja." Hadji alicheka mpaka msuwaki ukamtoka mdomoni. Tukateremka na jeneza tupu mchana kweupe, watoto nyuma, wanawake wameziba midomo kwa kanga, wengine wakisoma dua kwa hofu, maana kulizungusha jeneza bila maiti ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Na likaja likakwama. Mnajua lilikwama wapi.

Shafii alitoka mbio dukani. "Aruna! Umeniletea jeneza mlangoni na mimi mzima!" Nikamwambia, ndugu yangu, jeneza halikutaki wewe, linataka nguzo. Akanitukana matusi ambayo siwezi kuyarudia nikiwa katika hali hii. Lakini aliziondoa nguzo, tena siku ile ile, kwa sababu aliogopa jeneza lisije likarudi. Hakunijibu salamu tena mpaka Ramadhani ilipoingia, ndipo jioni moja akaja kufuturu kwangu bila kualikwa, akanywa uji wote. Nikajua yamekwisha. Hata hivyo, nikifa, mwambieni nimemsamehe yale matusi, na yeye anisamehe jeneza.

Basi ndivyo ilivyopatikana baraza mnayoiona. Tukaweka na sharti moja, la mdomo tu: kitu chochote cha kukaa barazani kiwe kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukibeba na kukiingiza ndani peke yake. Cherehani, sawa. Kiti, sawa. Gunia la chumvi, kama una mgongo. Ukuta wako, Idi, jaribu kuubeba tuone. Usicheke, nasema kweli. Haya, cheka, baba. Siku nyingi sijakusikia.

Na mji ukaja, wanangu! Uhuru ulitukuta tumeezeka mabati mapya toka msikitini hadi ufukweni. Mama wa Minago akifika na mawese anaingia kivulini hapo juu, anauza kwa Lukeba, akitoka kwa Lukeba anajikuta mbele ya vitambaa vyangu bila hata kuamua, anashika shika, ananiuliza bei, ananitukana kwa bei, ananunua. Akishuka kidogo anakuta majembe ya Shafii, akishuka tena anakuta samaki, ndagala na mukeke, waliotoka majini asubuhi ile. Hakuna aliyemwita. Kivuli ndicho kilichomleta na kumshusha taratibu. Tukawasha karabai zetu magharibi inapoingia, na watu wa kwenye mitumbwi walisema waliziona tangu mbali, zimejipanga. Nilikuwa na furaha miaka ile, nawaambieni wazi. Nilikuwa nikifungua mlango asubuhi nasema moyoni, huu ni mji, na mimi ni mmoja wa walioujenga.

Nipe maji kidogo, mama. Kidogo tu. Murakoze, asante.

Kisha mwaka wa sabini na mbili. Sitawasimulia yote, dirisha liko wazi, na hakuna nyumba katika mji huu isiyo na lake la kusimulia. Walikuja wale wa kwanza na mapanga, wakaua watu wasio na kosa, kisha yakaja malori, na watu wasio na kosa wakapandishwa na hawakurudi. Siku mambo yalipoanza, Lukeba alikuwa amekwenda Minago kuchukua mawese. Aliniaga hapo hapo barazani, akaniambia nimwangalizie madebe yake matupu. Madebe yapo mpaka leo. Yeye hakuonekana tena, wala mwili, wala baiskeli yake, wala mtu wa kusema nilimwona mahali fulani. Nilimpenda yule mtu. Kwa umri huu naweza kulisema bila haya, nilimpenda kuliko ndugu zangu wengi.

Avenyi ikafa. Nusu ya milango ilifungwa na wenyewe hawapo, wamekufa au wamevuka ziwa. Nyasi ziliota katikati ya barabara, mbuzi wakalala ngazini kwa Shafii na Shafii hakuwa na nguvu ya kuwafukuza. Ukimya ule ulikuwa ukiniumiza kifua. Ndipo nilipoitoa cherehani yangu nikaiweka barazani, nikakaa nikashona. Nilishona nini? Hakuna aliyeleta kitu. Nilikuwa na kipande kimoja cha amerikani. Nikakishona, nikakifumua, nikakishona tena, kutwa nzima, ili mradi cherehani isikike. Mama yenu alinitazama kwa muda mrefu, akadhani akili imeruka. Kisha akaleta kiti chake akakaa kando yangu akipeta mchele.

Na walikuja. Kwanza mtu mmoja, akasimama tu kusikiliza, kisha mzee mwingine na suruali ya kutiwa kiraka. Kadidja akaweka jiko mbele ya mlango wa Lukeba uliofungwa na kuanza kukaanga maandazi, ili mlango ule usionekane umekufa. Ni yeye aliyewaza hivyo, si mimi, na alikuwa msichana mdogo, mkumbuke hilo mkigawana sifa. Wanawake wa Minago walianza kurudi mmoja mmoja na madebe yao wakimwuliza Lukeba. Tukawaambia, "Kaeni hapa, amahoro, kwa amani, kunyweni chai." Wakakaa. Wakaanza kuuziana wenyewe kwa wenyewe mbele ya mlango wake, na leo hii mawese bado yananunuliwa pale pale, ingawa mnunuzi hayupo. Mji haujapona, Idi, wala sikuambii umepona. Lakini unatembea, na unatembelea baraza.

Sasa nije kwako, mwanangu. Wengine wanasema umejenga kwa tamaa ya duka kubwa. Mimi nasema hapana, nakujua. Umejenga kwa hofu. Mwaka ule ulikuwa Kigoma kwa mjomba wako, ukiwapokea watu wakishuka kwenye mitumbwi, ukasikia waliyosimulia, na uliporudi kwetu ukaja na mke na watoto, na tangu urudi hulali. Nakusikia ukishika shika komeo. Unasema baraza iliyo wazi inamleta yeyote hadi mlangoni, mwema na mbaya, na kwamba ukuta na chuma vitawalinda wanao. Siwezi kukucheka kwa hilo. Mimi pia ni baba, na mwaka ule nilishukuru Mungu kila siku kwamba hukuwapo.

Lakini kuna jambo moja sijawahi kumwambia mtu, kwa sababu lilikuwa jambo la kumponza mtu akauawa, na mama yenu tu ndiye aliyelijua. Nilikuwa nikilala nalo. Leo nalisema.

Wewe ndiye uliyeniletea salamu za Marguerite, mke wa Lukeba. Ulimkuta anauza mihogo Ujiji, na kile kitoto chake Bora kinatembea, kinakuita mjomba. Uliniambia, "Baba, sijui walivukaje wale." Na mimi nikasema Mungu mkubwa, nikanyamaza. Walivuka hivi. Ilikuwa alfajiri, mwanga ndio unaanza. Barabarani watu wenye silaha walikuwa wakipita juu na chini, na mtu aliyekanyaga barabara hakufika upande wa pili. Nikasikia ukucha ukikwaruza mlango wangu. Nikafungua kidogo. Marguerite alikuwa amesimama ameshikamana na ukuta, mtoto mgongoni, amemfunga mdomo kwa kitambaa asilie. Hakulia yeye. Alinipa ufunguo wa duka, akasema, "Baba Aruna, akirudi, mumupe." Kisha akaendelea. Barazani, wanangu. Nyuma ya nguzo, ndani ya kivuli, mlango kwa mlango, mbele ya Shafii, mbele ya wote, na nina hakika waliokuwa ndani walisikia miguu yake na hakuna aliyekohoa. Alishuka mpaka majini bila kukanyaga barabara. Mtumbwi ukamchukua.

Pale uliposimamisha ukuta, Idi, ndipo alipopita. Kati ya mlango wa Lukeba na mlango wetu. Kama ungekuwapo ukuta asubuhi ile, angelazimika kushuka barabarani kuuzunguka, na wewe usingekutana na mtu Ujiji, na hakuna mtoto ambaye angekuita mjomba.

Sisemi kwamba hofu yako ni ya uongo. Wabaya wanaweza kupita barazani, ndiyo. Lakini mimi niliona aliyepita.

Usilie. Au lia, haidhuru, hapa ni kwetu.

Sikilizeni sasa maagizo, kwa sababu naona pumzi inakuwa nzito. Ufunguo huu ni wa Marguerite, na baada yake ni wa Bora. Kila Ijumaa mfungue lile duka, mlipitishie hewa, mfagie, myafute yale madebe, mfunge. Asipangishwe mtu. Siku Marguerite atakapoona salama ya kurudi, akute mlango unaofunguka bila kulazimishwa. Katika thuluthi yangu, ile ambayo sheria inaniachia, nunueni mabati mtengeneze baraza yote palipotoboka, kuanzia mbele ya walioondoka, na kwetu iwe mwisho. Wenyewe wakiuliza nani kalipa, semeni ni Lukeba kalipa, maana ni yeye aliyetoa wazo. Karabai irudi kuning'inizwa nje. Kadidja, cherehani isiingizwe chumbani eti kwa kuwa sasa ni yako. Ikae nje, isikike.

Na mimi mnipitishe barazani.

Mmenisikia? Mkishaniosha na kunivika sanda, msinitolee mlango wa nyuma, wala msinishushe barabarani. Mnitoe kwa mlango wa duka, mgeuke juu, mnipeleke msikitini chini ya mabati yale, wabebaji kila upande, na kama kuna mama amesimama na debe lake asisogezwe. Jeneza ni lile lile, Hadji alikwenda nalo, wengi wamekwenda nalo, upana haujabadilika. Nataka lipite bila kukwama mlangoni mwangu mwenyewe. Nisingependa Shafii apate la kusema.

Idi... Unakwenda wapi? Mwacheni. Kadidja, mwache kaka yako. Mwache atoke.

Ah, mama, nimechoka. Nilaze vizuri. Mkono wako una harufu ya maandazi, tangu utotoni mwako. Ulinifurahisha sana, wewe. Kaka yako naye ananifurahisha, mwambie. Ni mtu mwema anayelala vibaya. Mkae naye. Msimwache peke yake na makomeo yake.

Mungu awape riziki yenye watu ndani yake. Awape majirani. Awape wazee wa kuwacheka na watoto wa kuwachosha, na akiwapa mvua awape na mahali pa kumkaribisha mwenye kunyeshewa. Mliyonikosea nimewasamehe, yote, hata yale msiyojua kama nayajua.

Hiyo ni nini? Nyundo?

Ni nyundo.

Polepole, mwambieni. Asiyapasue matofali. Tofali zima ni mali... Mbele ya mlango wa Lukeba sakafu imeliwa, pana shimo, wanawake wanajikwaa. Ayapange pale. Udongo bado mbichi, yatatoka mazima. Mwambie... fundi naye aache mluzi, amsaidie.

Sasa uji. Hapana. Mpe mtoto.

Naona mwanga umeingia upande ule. Au nimeota? Sawa... Kadidja, kuna miguu. Kuna mtu amesimama pale nje, nasikia anahema. Nani?

Mama wa Minago? Na debe lake?

Ameona matofali yametapakaa, anataka kuzungukia barabarani. Hapana. Asizunguke. Idi amshike mkono.

Mwambie apite.